Kwanza Fungueni Mlango, Kisha Mtoe Tuzo

Mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Njia ya mteremko yenyewe ilijengwa vizuri: saruji isiyo na ufa, vyuma vya kushikilia pande zote mbili, na bango la samawati lenye mchoro wa kiti cha magurudumu. Juu yake ziliegeshwa pikipiki mbili. Tulipouliza ufunguo uko kwa nani, bawabu alitujibu kwa upole kwamba anao mzee mmoja wa ofisini, na mzee ametoka kidogo. Tulikuwa watatu: mwandishi wa tahariri hii, mwenzetu asiyeona, na kijana wa kiti cha magurudumu aliyekuja kujisomea kwa ajili ya mtihani. Ngazi saba za mlango mkuu hakuweza kuzipanda. Tulisubiri dakika 40. Tulipoingia hatimaye, kitu cha kwanza kututazama kutoka ukutani, nyuma ya meza ya kuazimia vitabu, kilikuwa cheti cha pongezi kwa huduma bora kwa watu wenye ulemavu, ndani ya fremu ya dhahabu.

Hatuitaji maktaba hiyo. Haiko peke yake, na kosa kubwa zaidi ni la waliotoa cheti bila kuuliza ufunguo hukaa wapi.

Hao ndio tunaowaandikia leo: vyama vya wakutubi, bodi, wizara, serikali za kaunti na wafadhili wanaoketi kuamua ni maktaba ipi iitwe bora. Tuzo ni jambo jema. Kazi ya mkutubi hufanywa kimyakimya, na wengi hustaafu baada ya miaka 30 bila kuambiwa ahsante mbele ya watu. Kenya imekuwa na Tuzo ya Maktaba, na hatungependa kuona ikififia. Lakini tuzo inayoisifu maktaba kwa kuwafikia watu wote ina uzito wa aina yake. Inamwambia asiyeona, kiziwi na anayetembea kwa magongo: nenda pale, utahudumiwa. Akienda akakuta kufuli, ni nani aliyempa ahadi ya uongo?

Kumwezesha mtu huyo kuingia na kusoma ni amri ya sheria. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupata habari, na haki ya kutumia Lugha ya Ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, Kenya iliuridhia mwaka 2008. Basi gavana anayejenga njia ya mteremko hajamfanyia mtu hisani, na mkurugenzi anayeweka kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti ametimiza kile anacholipwa mshahara kukitimiza. Kumvisha nishani kwa hilo ni sawa na kumtunuku dereva kwa kusimama penye taa nyekundu. Ubaya wake ni kwamba wasiosimama nao huanza kujiona hawana kosa, bali hawajapata tuzo tu.

Mfano wa kuutazama kwa makini unatoka Marekani. Katika miaka ya 1960, Chama cha Maktaba cha nchi hiyo kilianzisha tuzo yenye jina la Francis Joseph Campbell kwa waliotukuka katika huduma za maktaba kwa wasioona na wenye ulemavu wa viungo. Campbell alizaliwa Tennessee mwaka 1832, akapoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo, akawa mwalimu wa muziki, na mwaka 1872 akashiriki kuanzisha chuo cha wasioona jijini London. Waanzilishi wa tuzo walichagua jina la mtu ambaye mwenyewe aliishi na haja hiyo, na walifanya vyema. Ila tunachotaka wasomaji wakishike ni mpangilio wa miaka. Sheria ya Pratt-Smoot ilipitishwa mwaka 1931, ikaitengea Maktaba ya Bunge la Marekani dola 100,000 kila mwaka kwa ajili ya vitabu vya watu wazima wasioona. Kufikia mwaka 1934 vitabu vya kusikilizwa kwenye santuri vilikuwa vimeanza kusambazwa. Watoto waliingizwa katika mpango huo mwaka 1952. Sheria ilitangulia, fedha zikafuata, vitabu vikawafikia watu majumbani kwao, na nishani ikaja zaidi ya miaka 30 baadaye. Sisi tunataka kuanzia kwenye nishani.

Mwaka uleule wa 1931, Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo, ngazi za mawe na sanamu za simba wawili mbele yake. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo hadi miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea ukingoni. Ubaguzi ule wa rangi uliondoka na wakoloni. Ngazi za namna ile tumeendelea kuzijenga wenyewe, katika majengo mapya ya umma, tukiwa huru na michoro ikipitishwa na wahandisi wetu.

Na mlango ni mwanzo tu. Katika maktaba ile ya kufuli tulikuta vitabu vya breli. Vilikuwa rafu ya juu kabisa, vimelazwa na kupandana, vingine bado vimo ndani ya plastiki vilimoletwa. Yeyote aliyewahi kuvitunza anajua maana yake. Kitabu kimoja cha kiada kikiandikwa kwa breli hugeuka kuwa mabuku kadhaa ya karatasi nene, na kila herufi ni nukta zilizoinuliwa, zisizozidi sita. Mabuku yakibebana, uzito wa yaliyo juu huzibonyeza nukta za yaliyo chini, na maandishi hufutika polepole bila mtu mwenye macho kugundua, kwa sababu karatasi ni nyeupe ileile. Breli husimamishwa rafuni, tena bila kubanwa. Tulilichomoa buku la chini kabisa. Mwenzetu akapitisha vidole mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akasema hapo pamekufa, na akalifunga taratibu. Mabuku hayo, tuna hakika, yalihesabiwa katika ripoti iliyoleta cheti. Aliyeyahesabu hakuyagusa.

Umoja wa Wasioona Duniani umeiita hali hii njaa ya vitabu, ukikadiria kwamba vitabu vinavyotolewa katika muundo unaosomeka na asiyeona havifiki asilimia 10 ya vyote vinavyochapishwa. Kwa ajili ya njaa hiyo ulipitishwa Mkataba wa Marrakesh, tarehe 27 Juni 2013. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, na mwaka 2019 Sheria ya Hakimiliki ikarekebishwa ili kuukubali. Maana yake ni kwamba taasisi iliyoidhinishwa inaweza kukigeuza kitabu kuwa breli, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kusoma chapa ya kawaida, bila kwenda kumwomba mwandishi ruhusa, na inaweza kubadilishana nakala hiyo na taasisi za nchi nyingine zilizojiunga. Uganda ilijiunga mwaka 2018, Tanzania mwaka 2020. Riwaya ya Kiswahili iliyosomwa na kurekodiwa Dar es Salaam inaweza kusikilizwa Busia na Kampala bila kuvunja sheria yoyote. Nayo programu ya NVDA, inayomsomea asiyeona skrini ya kompyuta kwa sauti, hupakuliwa bila malipo. Mkuu wa maktaba anayesema hana ruhusa, au kwamba vifaa ni ghali mno, aulizwe lini mara ya mwisho alitafuta kujua.

Ni nani basi anayestahili tuzo? Mwaka 1996, Shirika la Maktaba la Taifa lilipoona kwamba wafugaji wa Garissa hawawezi kuja maktabani, lilipakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia likawafuata waliko, likafungua vitabu chini ya hema. Hakuna sheria iliyolilazimu kufuga ngamia. Hapo wajibu ulivukwa, na aliyeuvuka alianza kwa kumtazama msomaji alivyo, na siku zake zinavyokwenda, kabla ya kutazama jengo. Wapo wengine wa namna hiyo leo, nao hawajulikani: mkutubi anayejifunza Lugha ya Ishara jioni, kwa mshahara wake, ili kiziwi asilazimike kuandika swali lake kwenye kijikaratasi, anayemwekea mtoto mwenye ualbino kiti mbali na mwanga wa dirisha na kumtafutia kitabu cha maandishi makubwa kabla hajaomba, anayejua kwamba mzee fulani haji tena kwa sababu magoti yamekataa, akamtumia kitabu kwa mjukuu. Watu hawa hawajazi fomu za kujipendekeza. Jopo la tuzo ndilo lenye kazi ya kuwatafuta.

Kwa hiyo tunadai mambo yabadilike kabla ya tuzo ijayo kutangazwa. Maktaba isiyotimiza matakwa ya sheria isiruhusiwe hata kuingia katika ushindani, iwe na bustani nzuri kiasi gani na picha nyingi kiasi gani. Walio wengi katika jopo wawe watu wenye ulemavu wanaosoma, wala wasialikwe siku ya hafla kuja kupiga picha na washindi. Ziara ya ukaguzi isitangazwe. Anayekagua aombe kitabu, akae, akisome, na muda uhesabiwe kuanzia getini hadi ukurasa wa kwanza. Bajeti ya kaunti isomwe pamoja na ripoti ya maktaba: ikiwa fungu la breli, sauti na mafunzo ya wafanyakazi ni sifuri, gavana asipewe jukwaa la kupokea kitu. Na cheti kiwe na muda wake. Huduma ikifa, kirudishwe, na kurudishwa kwake kutangazwe kwa sauti ileile iliyotangaza ushindi.

Tunajua madai haya yatawaudhi baadhi ya wakuu. Watasema maktaba zetu ni maskini, na ni kweli. Nyingi zilikabidhiwa kaunti zikiwa na paa linalovuja na wafanyakazi wachache. Umaskini ni sababu ya kudai fedha bungeni na katika mabunge ya kaunti, tena kwa ukali. Hautoshi kueleza mnyororo. Ufunguo wa ziada huchongwa kwa bei ya chai na mandazi. Kusimamisha mabuku rafuni hakugharimu chochote. Kumwambia mwenye pikipiki aegeshe kwingine ni kazi ya bawabu, akiwa amepewa amri hiyo na mkubwa wake.

Jopo lijalo liende kwenye maktaba ile siku ya kazi, bila kutanguliza simu, na liende na kijana yule. Siku tuliyokuwa naye alifika mezani akiwa amebakiwa na saa moja na nusu tu ya kusoma. Alifungua daftari, hakuinua kichwa tena. Saa kumi na moja kasoro robo alipogeuza kiti chake kwenda nyumbani, mlango wa pembeni ulikuwa umeshafungwa tena, na bawabu akaondoka kwenda kumtafuta mzee.