Maji machafu ya mji: koperative zitoe are tano



Katika miji midogo ya Kabare, Walungu na Kalehe, miradi imeleta robine, na tunashukuru. Lakini maji yakiingia mjini lazima yatoke. Yale ya kufulia, ya soko, ya mahali pa kuchinjia nyama, hata ya vyoo vinavyojaa wakati wa mvua, yote yanashuka kwenye kinamasi. Na kule chini ndiko tunalima lengalenga, shu na karoti. Tunachota na arozwari, tunamwaga juu ya majani, kesho yake mboga iko sokoni. Kisha tunashangaa watoto wako na minyoo kila mara, na kolera hairudi nyuma.

Wengine wanasema: watu wakatazwe kulima kule. Sisi tunakataa. Wakati wa kipwa, ile mboga ndiyo inalipa minervali ya watoto. Wengine wanasema: tungoje Serikali ijenge kituo chenye mashine. Ni kweli, tangu 2015 nchi yetu iko na sheria ya maji, na viongozi wadaiwe. Lakini mashine inaomba umeme, mazuti na pièces za kubadilisha. Nani atalipa?

Kuna njia isiyoomba mashine: mabwawa yanayofuatana. La kwanza linakuwa refu kwenda chini, mita mbili na zaidi, ili uchafu utue. Yanayofuata yanakuwa ya mita moja hivi, ili jua liingie na kuua vijidudu. Mayai ya minyoo ni mazito, yanazama chini yakipewa siku za kutosha. Udongo wa mfinyanzi unazuia maji yasipotee, na muteremko unayasukuma bila pompe.

Tufanye hesabu. Nyumba 100, watu sita kila nyumba, litre 20 kwa mtu: ni mètre cube 12 kwa siku. Maji yakikaa siku 20, tunahitaji nafasi ya mètre cube 240. Ongeza kingo na njia za kupitia: inafika karibu are tano.

Basi shida kubwa si simenti. Shida ni udongo. Mabwawa lazima yakae pale maji yanapoingia kwenye kinamasi, na kila mtu anajua ya kwamba mashamba ya pale ndiyo yenye rutuba. Nani atakubali kuondoka? Hakuna, kama anaondoka peke yake. Ndiyo maana tunasema koperative yote ibebe ule mzigo: kila mwanachama apunguze kidogo kwenye kipande chake, wale wa pale juu wapewe sehemu ingine, na iandikwe mbele ya chef wa localité. Kuchimba tutafanya kwa salongo. Fundi aje kupima muteremko kwanza, na maji ya mvua yapewe mufereji wake, la sivyo mvua moja kubwa itasukuma uchafu wote mashambani.

Bwawa halimalizi kila kitu. Mafuta ya garage na asidi ya bateri yasiingie kabisa, kwani jua haliyaondoi. Majani ya kando yakatwe ili mbu wasizaliane, na uzio uwekwe kwa ajili ya watoto. Matope ya chini yataondolewa siku moja. Makuta yake yaanze kuwekwa sasa. Na hata hivyo, tumwagilie kwenye udongo, si kwenye majani, tuache kumwagilia siku chache mbele ya kuvuna, na tuioshe mboga kwa maji safi.

Kwa mashirika yanayotusaidia, na letu likiwemo, tunaomba jambo moja: robine isijengwe tena bila kuonyesha maji yake machafu yataenda wapi. Kwa koperative: mkutano mkuu ujao, hii shauri ya are tano iandikwe ya kwanza kwenye ajenda, mbele ya mbegu na mbolea.