Neno la Mhariri: Swali Litoke Kwenye Karasha

Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na kufikia 2021 kazi ilikuwa imefika mwisho. Makarasha ya wachimbaji wadogo, kuanzia Kahama hadi Geita, hata hivyo hayakusimama. Sogelea karasha linalosaga mawe makavu: kijana amejifunga fulana puani, kope nyeupe kwa vumbi. Vumbi hilo lina silika, na mapafu yaliyoharibiwa na silika hushikwa upesi na kifua kikuu.

Ndiyo maana toleo hili, linalohusu protini zinazowashwa kwa mwanga, linaanzia huko na si ng'ambo.

Maabara zetu zimeshazoea hadubini za taa za LED, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2011. Vimelea vya kifua kikuu vikipakwa rangi ya auramini hung'aa penye giza, na mpimaji huvihesabu. Kwa kujua kama mtu anaumwa, hilo ni msaada mkubwa. Ila ukitaka kuona kinachotokea ndani ya seli ya pafu iliyomeza kimelea pamoja na chembe ya silika, unakutana na kikomo alichokieleza Ernst Abbe mwaka 1873: vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya takriban nanomita 200 huonekana kama kimoja.

Mwaka 2002 George Patterson na Jennifer Lippincott-Schwartz, wakiwa Marekani, waliirekebisha protini ya kijani ya konyeza wa baharini ikawa inakaa karibu gizani mpaka ipigwe mwanga wa zambarau; hapo hung'aa mara 100 zaidi. Faida ya protini hiyo katika kuvuka kikomo cha Abbe ni hii: wachimbaji wakiwasha tochi za kichwani wote kwa pamoja usiku, aliye mbali huona wingu la mwanga tu; wakiwasha wachache kwa zamu, kila mmoja unamwekea alama mahali pake. Eric Betzig na Harald Hess walifanya hivyo kwa molekuli za protini kama hiyo, picha maelfu zikajumlishwa kuwa moja. Makala yao ilitoka 2006, na 2014 Betzig akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Mashine ya kwanza waliiunda sebuleni kwa Hess, California.

Sebuleni! Basi kilio cha “hatuna vifaa” nakikubali nusu tu. Leza na kamera ni ghali kweli, lakini Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha hadubini kinachopokea watafiti wa Afrika bila kuwatoza. Huko wanataka swali zuri, na swali la silika na kifua kikuu ni letu kuliko la mtu yeyote. Hata kimelea hatari si lazima kisafirishwe. Majaribio ya mwanzo hufanywa kwa ndugu yake mpole, Mycobacterium smegmatis.

Ombi la kutumia kituo hicho liandikwe Mwanza, katika Hospitali ya Bugando au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Na wanaoliandika wamwite mpimaji wa makohozi wa Kahama, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni wachimbaji gani wanaorudi wakikohoa baada ya kumaliza dawa za miezi sita.