Damu Nzito, Lakini Figo Ina Hesabu Yake

Kuna jambo limenikaa rohoni, na leo nalitoa.

Huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, mtu akiugua figo jamaa hukusanyika, harambee ikaitishwa, ndugu wakaulizwa nani atatoa figo yake moja. Hapo ndipo maneno huanza. Ndugu akipimwa na figo yake ikaonekana haimfai mgonjwa, utasikia ati, "Hakutaka tu, kamhonga daktari!" Wengine huvuka mpaka: "Kumbe hawa si wa baba mmoja!"

Mimi nasema huo ni ujinga, tena ujinga unaovunja nyumba.

Hebu tutazame hesabu. Chembe za mwili zina alama ziitwazo HLA. Kwa alama hizo kinga ya mwili humtambua mwenyeji na mgeni. Mfaransa Jean Dausset aligundua ya kwanza mwaka 1958, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Kila mtu hupata fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Basi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa, mbili kati ya nne ya kufanana nusu, na moja kati ya nne ya kutofanana hata kidogo. Wale wa baba mmoja na mama mbalimbali, ambao kwetu ni wengi, ni nadra sana kufanana kabisa. Je, hapo pana haramu gani?

Tena si alama peke yake. Mgonjwa aliyewahi kuongezwa damu, au mama aliyezaa, huenda kinga yake imeshajifunza kupigana na alama za watu wengine. Ndiyo maana damu ya mgonjwa hukutanishwa na chembe za mtoaji kwenye maabara kabla ya upasuaji. Huko Marekani na Ulaya wataalamu wa vipimo hivi wana vyama vyao, na hukagua maabara ili majibu yaaminike.

Wako watakaosema, "Tusitoe damu, ni mumiani hao!" Siwalaumu sana. Mtu akichukuliwa damu bila kuelezwa kwa lugha ya nyumbani, atajitungia maelezo yake. Lakini tazameni hapa Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome wamekuwa wakifanya utafiti tangu 1989. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba, kwa damu ya watoto 42 wa huku, waliona jinsi aina ya damu iitwayo Dantu inavyozuia malaria: ngozi ya chembe nyekundu hukazana, kijidudu kikashindwa kuingia. Siri hiyo ilikuwa ndani ya damu zetu wenyewe!

Rai yangu ni hii. Madaktari waeleze vipimo kwa Kiswahili na Kigiriama, kabla ya sindano, si baada. Nasi wa chama cha Kiswahili tuwasaidie kwa maneno mepesi, kisha tuyapeleke nyumbani likizo hii. Na ndugu asiyefaa kutoa figo aachwe akae kitandani pa mgonjwa bila kunyooshewa kidole. Damu ni nzito kuliko maji, naam, lakini mapenzi ya ndugu hayapimwi maabara.