Kedi apewe fimbo, asibebeshwe mkoba tu

MTAJIE gofu shabiki wa Simba au Yanga, jibu lake unalijua: huo mchezo wa matajiri, hauna ngoma wala vuvuzela. Kweli, gofu haina ngoma. Ukipiga kelele wakati mtu anajiandaa kupiga mpira unaweza kuonyeshwa geti. Lakini kusema ni mchezo wa matajiri tu ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inatuhusu sana sisi tuliokulia kwenye chandimu.

Nusu hiyo anaibeba kedi.

Kedi ni yule kijana anayetembea na mkoba wa fimbo begani nyuma ya mchezaji. Sheria inaruhusu fimbo 14, na kuzunguka mashimo 18 ni kazi ya karibu saa nne juani. Ila kubeba ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake. Kedi ndiye anayejua upepo unatoka wapi, shimo liko umbali gani, na nyasi za kijani zimelalia upande gani ili mpira usipotee dakika ya mwisho. Mchezaji haruhusiwi kuomba ushauri kwa mpinzani wake, lakini kwa kedi wake ruksa. Kwa lugha yetu ya soka, kedi ni kocha aliyeruhusiwa kuingia uwanjani.

Sasa jiulize: mtu anayeujua uwanja kuliko mwenye fimbo, akipewa fimbo yeye itakuwaje?

Dunia ilishajibu swali hilo zamani. Mwaka 1913, kule Brookline, Marekani, kijana wa miaka 20 aitwaye Francis Ouimet aliingia kwenye US Open. Kwao ni ng'ambo ya barabara tu kutoka klabuni, na alikuwa amewahi kuwa kedi pale pale. Mbele yake walikuwepo vigogo wawili wa Uingereza, Harry Vardon na Ted Ray. Wakamaliza sawa wote watatu, ikabidi warudiane, na Ouimet akawachapa wote. Aliyembebea mkoba siku hiyo ni mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery. Ni kama timu ya ndondo imeifunga Real Madrid, halafu kocha wake ni mwanafunzi wa darasa la nne.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi kilitokea Fort Worth, Texas, mwaka 1927. Klabu ya Glen Garden iliandaa mashindano ya makedi wake wakati wa Krismasi. Wakabaki vijana wawili wa umri mmoja, Byron Nelson na Ben Hogan. Nelson akashinda kwa mkwaju mmoja tu. Baadaye klabu ikatoa nafasi moja ya uanachama wa vijana kwa makedi, akapewa Nelson. Hogan alipofikisha miaka 16, sheria ya klabu ikamtoa, akaenda kujifua kwenye viwanja vya kulipia vyenye nyasi za kubahatisha.

Nelson aliibuka na mataji makubwa matano, na mwaka 1945 akashinda mashindano 11 mfululizo. Hogan, yule aliyekosa nafasi, akachukua mataji makubwa tisa. Mwaka 1949 gari lake liligongana uso kwa uso na basi, akavunjika vibaya, na mwaka uliofuata akashinda tena US Open. Klabu ilikuwa na wababe wawili kwenye banda moja la makedi, ikaona ina nafasi ya mmoja. Hogan alipenya kwa ubishi wake mwenyewe. Wangapi hawakuwa na ubishi huo, wakaishia na mkoba begani?

Kwa Afrika Mashariki tuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1978 Kenya Open ilichukuliwa na kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros. Huyu alikuwa kedi katika kijiji cha Pedreña, akajifunzia mchezo ufukweni kwa fimbo moja tu, namba 3, na usiku alikuwa akijipenyeza kwenye uwanja wa klabu kupiga mipira gizani. Mwaka mmoja baada ya Nairobi akashinda The Open ya Uingereza, na hadi anamaliza alikuwa na mataji makubwa matano. Mashabiki walimpenda kwa sababu alicheza kama mtoto wa mtaani: mpira ukienda porini, yeye huko huko porini anatafuta njia ya kufunga.

Halafu yupo Sewsunker Sewgolum wa Durban, waliyemwita Papwa. Kedi, mwenye asili ya India, hakuwa na shule, na fimbo aliishika kinyume na watu wote, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Mwajiri wake aliona kipaji akampeleka Ulaya, na mwaka 1959 akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Aliyachukua mara tatu. Lakini nyumbani Afrika Kusini ilikuwa enzi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 alishinda Natal Open, akakabidhiwa kombe nje, kwenye mvua, kwa sababu sheria haikumruhusu kuingia kwenye jengo la klabu pamoja na wazungu aliowafunga. Mwaka 1965 akamfunga hata Gary Player. Baada ya hapo serikali ikamfungia milango. Alifariki mwaka 1978 akiwa maskini.

Tunamkumbusha Papwa kwa sababu moja. Hapa kwetu hakuna sheria ya rangi inayomzuia mtu kuingia klabuni. Lakini mlango unaweza kufungwa bila sheria. Bei ya fimbo inafunga mlango. Ada ya uanachama inafunga mlango. Na mazoea ya kumwona kedi kama sehemu ya mkoba yanaufunga kuliko vyote.

Nenda kwenye klabu za gofu Dar es Salaam, Arusha, Moshi au Morogoro, waulize wachezaji wa kulipwa walianzia wapi. Wengi watakwambia: nilikuwa kedi. Maana yake njia ipo, na imeshatupa wachezaji. Shida ni kwamba imeachwa kama njia ya panya. Kijana hulipwa kwa raundi, asipopata wa kumbebea siku hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu. Fimbo anaazimwa na mwanachama mwenye roho nzuri. Siku huyo akihama mji, na kipaji kinahamia kwenye bodaboda.

Soka ilishatufundisha somo hili. Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala, akapita Simba, TP Mazembe na Genk hadi kufika Ligi Kuu ya England mwaka 2020. Hakuna aliyemuuliza baba yake ana kadi ya uanachama wa klabu gani. Mpira wa miguu unakua kwa sababu mtoto akipata kiwanja cha vumbi na mpira wa makaratasi, tayari yupo mchezoni. Gofu haina kiwanja cha vumbi. Chandimu ya gofu ni banda la makedi, nyingine hatuna.

Kuna watakaosema klabu ni mali ya wanachama, wao ndio wanaolipia maji, mbolea na mashine za kukata nyasi, kwa hiyo hawawezi kuacha kila mtu aingie kuchimba viwanja. Hoja hiyo ina uzito. Kutunza uwanja wa mashimo 18 ni gharama, na bila ada za wanachama hata hao makedi wasingekuwa na pa kufanyia kazi. Lakini hatuombi kila mtu aingie. Tunaomba siku. Ipo desturi ya miaka mingi katika klabu mbalimbali duniani ya kuwaachia makedi uwanja Jumatatu, siku ambayo wanachama wengi wako kazini. Nyasi za Jumatatu hazimuumizi mtu.

Wengine watasema makedi wakianza kucheza, nani atabeba? Kwani wanaookota mipira kwenye soka waliisha kwa sababu mmoja wao alisajiliwa? Mmoja akifanikiwa, kesho yake geti litajaa vijana kumi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kwanza, kila klabu iwe na siku ya makedi inayojulikana, iandikwe kwenye kanuni, isitegemee roho nzuri ya mtu. Pili, zipo klabu zinazowaandalia makedi mashindano, tunazipongeza. Chama cha Gofu Tanzania (TGU) kiyaunganishe yawe ya taifa, na washindi wapate nafasi ya moja kwa moja kwenye mashindano ya wazi. Tatu, wanachama wanaobadilisha fimbo wasiziache zioze stoo, ziwekwe kwenye banda la makedi kwa daftari. Nne, wasichana waingizwe kwenye mpango huu tangu mwanzo. Kama kuna anayedhani kazi hii si yao, amuulize Nick Faldo, aliyeshinda Masters mwaka 1990 mkoba wake ukiwa begani mwa mwanamke, Fanny Sunesson.

Na kuna hesabu ya taifa. Gofu ilirudi Olimpiki mwaka 2016, nafasi 60 kwa wanaume na 60 kwa wanawake. Medali zetu za Olimpiki tangu tupate uhuru ni mbili, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mwaka 1980 kule Moscow. Nchi yenye medali mbili haina ubavu wa kuchagua mchezo wa kudharau.

Wewe shabiki wa soka nawe una kazi. Unapoliona jina la mcheza gofu kwenye ukurasa huu, usiliruke kukimbilia tetesi za usajili. Soma alianzia wapi. Huenda ni mtoto wa mtaani kwenu, anayesubiri Jumatatu moja tu.