Maliza Kwanza



Zimebaki wiki nne kabla sijavaa toga. Katika majuma haya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho husikia maneno mawili kuliko mengine yote: maliza kwanza. Mzazi huyasema kwa upendo, kwa kuwa ameuza alichokuwa nacho ili kulipa karo. Mwalimu huyasema kwa busara. Mkubwa wa staji huyasema akiwa na kalamu mkononi, kalamu ileile itakayoandika alama zangu. Hata rafiki wa kikundi cha sala ameniambia hivyo baada ya misa, mkono wake begani mwangu. Ninaandika ili kuyapinga. Naamini kwamba kwa mlango huo uongo huingia katika kazi ya mwandishi wa habari, na kwamba sisi Wakristo wa parokia ni miongoni mwa wanaoushikilia mlango ubaki wazi.

Nianze na kosa langu. Miezi mitatu iliyopita, nikiwa katika staji kwenye radio moja ya hapa Lubumbashi, nilitumwa kwenye mtaa wa pembeni mwa mji ambako kampuni moja ya madini ilikuwa ikiwakabidhi wakaaji kisima cha pampu. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, ngoma, na hotuba tatu. Mgeni wa heshima akafungua bomba, maji yakatoka, watu wakapiga makofi, nami nikarekodi sauti ya maji yale. Nilipokuwa nakusanya vifaa vyangu, akina mama wawili wakanivuta kando. Wakaniambia kwamba tangi lilijazwa asubuhi ile kwa lori, na kwamba pampu yenyewe haijafungwa. Wakanipeleka nyuma ya ukuta na kunionyesha mahali pake: shimo lililofunikwa kwa bati. Nililiona kwa macho yangu. Kisha, penye njia ya kutokea, kijana mwenye orodha akalitafuta jina langu, nikatia sahihi, akanipa bahasha yenye dola kumi. Jioni ile nikasoma habari yangu: wakaaji wa mtaa fulani wamepata maji safi. Ilidumu dakika moja na nusu. Shimo halikuwemo.

Hakuna aliyenilazimisha, wala hakuna aliyeniambia nifiche kitu. Ndivyo bahasha inavyofanya kazi. Haikuambii useme nini; inakuachia wewe mwenyewe uitambue adabu inayotakiwa.

Katika kazi yetu jambo hili linaitwa kupaje, na hakuna mwandishi wa Kongo asiyelijua neno hilo. Aliye na habari humlipa anayekuja kuitafuta. Malipo hutolewa mwishoni, mbele ya macho ya wote, na mwenye kinasa sauti cha radio kubwa hupata zaidi ya mwenye radio ndogo. Lililokuwa aibu limekuwa desturi, na desturi imekuwa haki, hata asiyepewa hunung'unika kwamba ameibiwa.

Mtaniuliza dola kumi na dakika moja na nusu zina uzito gani. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kampuni inayochimba itie sahihi mapatano ya majukumu pamoja na jumuiya zinazoguswa na kazi yake, na tena itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kisima cha namna ile, basi, ni deni linalolipwa, si zawadi. Radio ikitangaza kwamba maji yametoka, deni linahesabiwa kuwa limelipwa, na mama anayekwenda ofisini kudai pampu ataambiwa kwamba hata kwenye radio ilisemwa. Mwezi uliofuata, mama mmoja wa jumuiya hai yetu, ambaye dada yake anakaa mtaa ule, alinisimamisha mlangoni mwa kanisa akaniuliza: «Mwanangu, yale maji uliyoyasema kwenye radio, yako upande gani?» Hakuuliza kwa kejeli. Alidhani kweli mimi ninajua yaliko.

Katika mtihani wa maadili ya uandishi wa habari nilipata 16 kwa 20.

Sasa niwajibu wanaonitetea, maana watetezi wangu ni wengi na ndio wanaonitia hofu. Wa kwanza husema: ile ni pesa ya usafiri tu. Kama ni usafiri, mbona haipimwi kwa umbali wa safari? Aliyekaa jirani na mahema na aliyetoka ng'ambo ya mji hupokea sawa, na mwenye radio kubwa hupokea maradufu hata akija na gari la ofisi. Wa pili huniletea Injili: mtenda kazi anastahili ujira wake. Ni kweli kabisa, lakini ujira hutoka kwa yule unayemfanyia kazi. Nikilipwa na mwenye sherehe, basi nilikuwa mtumishi wa mwenye sherehe siku ile, na yule mama aliyewasha radio jioni akidhani namtumikia yeye, nimemdanganya tangu nilipofungua kinywa, hata kama kila neno nililotamka lilikuwa kweli. Kwa maana maji yalitoka kweli siku ile. Sikutamka uongo hata mmoja.

Lakini tusiwatupie mawe wenye njaa. Wako waandishi katika mji huu wanaofanya kazi miezi mingi bila mshahara, wenye watoto shuleni na kodi ya nyumba, na wenye radio wanajua hivyo na wanaiachia bahasha ilipe mahali pao. Hao matajiri wa vyombo vya habari wana hesabu yao ya kutoa mbele ya Mungu, nayo ni kubwa kuliko ya yule anayepokea. Mimi lakini sina mtoto wala kodi. Nilikula ugali wa mama yangu asubuhi ile kabla ya kwenda.

Fungueni Injili ya Mtakatifu Matayo, sura ya mwisho. Walinzi wa kaburi walikuwepo asubuhi ya Pasaka. Waliyaona yaliyotokea, nao walikuwa na habari kubwa kuliko habari zote zilizowahi kutokea duniani. Wakaipeleka mjini, wakapewa fedha nyingi, wakafundishwa la kusema: kwamba wanafunzi walikuja usiku wakauiba mwili wakati wao wamelala. (Mtu aliyelala amemwonaje mwizi? Habari ya kulipiwa haijali hata kupatana na yenyewe.) Waliahidiwa tena kwamba mkubwa wao akisikia, atatulizwa. Na Injili inashuhudia kwamba neno lao lilienea. Asubuhi ileile wanawake walikwenda na habari ya kweli bila kupewa hata senti, na Mtakatifu Luka hafichi kwamba mitume wenyewe waliyaona maneno yao kama upuuzi. Kila ninaposoma habari hiyo nawakumbuka wale akina mama wawili nyuma ya ukuta, na nafahamu kwamba siku ile sikusimama upande wa wanawake.

Turudi basi kwenye maliza kwanza. Maneno haya yana nguvu kwa sababu yanafanana na uvumilivu, nao ni fadhila. Hayakuambii uukatae ukweli. Yanakuomba uuahirishe tu. Pata diploma kwanza, utasema baadaye ukiwa na jina. Nimewaangalia waliotutangulia. Baada ya diploma huja maneno mengine: pata kazi kwanza. Baada ya kazi: ngoja wakuthibitishe kwanza. Halafu oa kwanza, jenga kwanza, watoto wamalize kwanza. Sijakutana na mtu aliyeniambia kwamba mwaka fulani, akiwa amekwisha kutimiza yote, alianza kusema kweli. Nimekutana na wengi wenye nyumba nzuri wasiokumbuka tena kwamba kulikuwa na jambo walilokusudia kulisema. Naogopa hilo kuliko ninavyoiogopa alama mbaya.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa na miaka 26 tu. Alikuwa na shahada ya sheria na kazi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka huko Goma, kazi ambayo vijana wengi wangeisubiri miaka. Alipelekewa pesa ili aruhusu vyakula vilivyooza vipite. Akakataa, akauawa Julai 2007. Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja mbele ya vijana katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 huko Roma alitangazwa Mwenye heri. Ni nani angemlaumu kama angalisema: ngoja nizoee kazi kwanza? Chakula kibovu kingaliliwa na watu asiowajua. Nami habari yangu mbovu ililiwa na watu nisiowajua, isipokuwa mmoja aliyenisimamisha mlangoni mwa kanisa.

Na asiseme mtu kwamba jambo la magazeti na radio ni dogo mno kulinganishwa na ushahidi wa watakatifu. Mtakatifu Titus Brandsma, padri Mkarmeli wa Uholanzi aliyekuwa mwandishi wa habari, alizunguka Januari 1942 kwa wahariri wa magazeti ya Kikatoliki kuwapelekea neno la maaskofu wao: wasichapishe matangazo ya Wanazi. Ni wazi kwamba mhariri angeweza kumjibu kwamba gazeti lazima liishi kwanza. Padri Brandsma alikamatwa mwezi uleule, akafa katika kambi ya Dachau tarehe 26 Julai 1942.

Sasa nije nyumbani kwetu, katika parokia, nami najua kwamba hapa ndipo baadhi yenu mtakasirika. Ni nani anayewapa waandishi bahasha siku ya upadrisho, siku ya yubilei, siku ya kubariki paa jipya? Ni sisi. Katika kila karatasi ya makadirio ya gharama pana mstari wa waandishi wa habari, kati ya mapambo na vinywaji. Mimi mwenyewe, nikiwa karani wa kamati ya vijana, niliuandika mstari huo miaka miwili mfululizo kwa mwandiko wangu mzuri. Tumeitundika picha ya Floribert ukutani mwa chumba cha mikutano, na chini ya picha hiyo tunajadiliana kama dola kumi zinatosha au tuongeze ziwe kumi na tano, ili sherehe yetu isemwe vizuri. Mtu akiniambia kwamba kampuni ya madini inanunua na parokia inashukuru, nitamwomba anionyeshe tofauti ndani ya bahasha.

Tunaweza kufanya vingine, na si vigumu. Tuiandikie radio barua ya mwaliko. Tumpe mwandishi kiti, maji ya kunywa, na mtu wa kumjibu maswali yake, hata lile la michango ya paa ilikusanywa kiasi gani na ikatumika namna gani. Radio ikikosa nauli, chama kiilipe radio yenyewe, kwa risiti, wala si mkononi mwa mtu penye njia ya kutokea. Na kama hakuna atakayekuja, sherehe itakuwa imefanyika hata hivyo. Mungu hahitaji taarifa ya habari ya jioni. Tena, zile pesa tunazokusanya kwa poda, mataji ya maua na karamu ya kumpokea mhitimu, sehemu yake imfikie kabla, wakati anatafuta gharama za kutetea kazi yake. Kijana asiye na deni la uchapishaji huitazama bahasha kwa macho mengine.

Wiki iliyopita nilirudi mtaani kule. Bati lilikuwa palepale juu ya shimo. Niliwarekodi akina mama, nikaiomba kampuni jibu lake, nikaambiwa pampu iko njiani. Nikaandika habari, na sentensi yake ya kwanza inakiri kwamba taarifa yetu ya awali haikuwa kamili. Mkubwa wa staji aliisoma mara mbili. Akasema ni habari nzuri na kwamba itatoka alama zangu zikishafika chuoni. Nilimwomba itoke kabla; hakukasirika, akaiweka katika droo. Nakala ninayo. Dola kumi sina tena, nilizinunulia karatasi na wino vya kazi yangu ya mwisho. Lakini katika ripoti ya staji nimeandika kwamba nilizipokea, na siku, na mahali. Jopo litaisoma ripoti hiyo kabla ya kuniita mbele yao.

Sikukuu ya somo wa parokia yetu ni mwezi ujao. Karatasi ya makadirio imekwisha kupita kwangu, na mstari wa waandishi wa habari umo, dola hamsini. Nimeomba ufutwe. Kamati inakutana Jumamosi baada ya misa ya asubuhi.