Pole Pole Si Mwendo wa Kila Mtu

Kila mwaka, Ulaya ikianza kupata joto, kuna jamaa hunitokea kwenye simu akiwa ameketi nje ya mkahawa, kahawa mkononi, akitushauri tusafiri polepole. Ati usipange. Panda treni Marseille, fuata bahari ya Mediterania hadi Genoa, shuka popote moyo utakapokutuma, kaa wiki nzima. Wanaokimbia miji minne kwa siku kumi, anasema, hawajaona kitu.

Mkimbiaji huyo ni mimi. Barcelona, Marseille, Genoa, Venice: siku 11. Na siombi radhi.

Nilikimbia kwa sababu viza ilisema siku 11, basi. Kuiomba tu nililipa yuro 90, pesa zisizorudi hata ukikataliwa. Nikanunua bima ya kugharamia matibabu hadi yuro 30,000. Nikapeleka taarifa ya benki ya miezi sita, pamoja na barua ya kuapa kwamba nitarudi Nairobi. Nikaonyesha kitanda cha kila usiku. Tena viza ya Schengen unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hivyo lazima ujue hilo kabla hujaiona hata bahari yenyewe. Sasa hapo moyo utanituma wapi?

Genoa ndiyo iliyoniuma. Vichochoro vyake vya zamani ni vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Siku ya pili, mama wa duka la mikate alinitambua, akanicheka Kiitaliano changu, akaniongezea kipande. Siku ya tatu pengine tungepiga stori. Siku ya tatu nilikuwa kwenye treni.

Venice nilifika Jumamosi moja ya Mei. Nililala Padova kwa sababu vitanda vya kule vilikuwa rahisi, basi nikatozwa yuro 5. Tangu 2024, siku zenye msongamano, mgeni wa mchana hulipa. Anayelala mjini halipi. Nawaelewa wenyeji: kodi za nyumba zimewafukuza kwao. Lakini tazama hesabu yangu. Kwanza nanyimwa siku, halafu natozwa kwa kukosa siku.

Mwitaliano anayetaka kuja Malindi hujaza fomu mtandaoni akiwa sebuleni kwake, analipa dola 30 na ushee, anakuja. Karibu sana, ndugu yangu. Kaa hata miezi mitatu. Ila usiniambie kwamba utulivu wako ni hekima na haraka yangu ni ushamba.

Polepole tunaijua. Ibn Battuta aliondoka Tangier, mlangoni mwa bahari hiyo hiyo, mwaka 1325. Mwaka 1331 alikuwa pwani yetu, akapita Mombasa, akashuka hadi Kilwa. Alizunguka dunia karibu miaka 30. Hakuna mtu wa Mombasa aliyemuuliza salio lake la benki.

Kwa hivyo jamaa wa kahawa, ukitaka nitembee polepole, mimi si wa kuhubiriwa. Nenda ukawahubirie wale wanaogonga mihuri. Mimi pale Genoa ningebaki. Yule mama bado namdai stori.