Kuhesabu vifo haitoshi: mgonjwa wa pumu aulizwe anaishi namna gani

GOMA, Kivu ya Kaskazini. – Leo siwaletei habari ya bei ya unga wala ya barabara. Leo tuongee juu ya pumzi.

Katika mtaa wetu kuna mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Rutshuru. Aliishi kambini, kambi ikavunjika, sasa yuko katika familia iliyompokea. Ana pumu kali. Usiku halali kama mimi na wewe: anakaa ameegemea ukuta, magoti juu, anangoja kuche. Hawezi kubeba bidoni ya maji. Hawezi kukaa karibu na mbabula. Pumzi ikikata wanamkimbiza kwenye kituo cha afya, wanampa dawa, kifua kinafunguka, wanamrudisha nyumbani. Kwenye rejista wanaandika: ametoka akiwa mzima.

Mzima? Usiku huo huo amerudi kukaa ukutani!

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Sisi huku tunahesabu waliokufa na walioingia hospitali. Katikati ya kufa na kupona kuna watu wengi, na hakuna anayewauliza wanaishi namna gani. Rejista inajua kolera, inajua surua, inajua malaria, na ni haki, magonjwa hayo yanaua haraka. Lakini pumu mara nyingi inatiwa katika kapu moja na kikohozi, kisha inasahauliwa.

Watu wataniambia: «Ndugu mwandishi, hapa kuna vita. Habari ya ubora wa maisha ni ya wazungu walioshiba.» Nimesikia neno hilo mara nyingi, hata kutoka kwa watu wa kazi ya afya. Ninalikataa, na nitaeleza sababu.

Sababu ya kwanza ni kwamba pumu si ugonjwa wa matajiri. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa ni watu wa nchi maskini, mahali ambapo ugonjwa haujulikani vizuri na dawa haipatikani. Na sisi wa Goma tuna nini? Tuna vumbi la mawe ya volkano kila kiangazi. Tuna moshi wa makala ndani ya nyumba za mbao. Tuna gesi ya kiberiti inayoshuka kutoka Nyiragongo na Nyamulagira, na gesi hiyo inafunga kifua cha mwenye pumu. Ongeza hema la turubai ambamo watu saba wanapika na kulala. Pumu ya hapa haikuja kwa shibe.

Sababu ya pili, na ndiyo kubwa: kipimo cha namna mtu anavyoishi ndicho kinachofungua mfuko wa pesa. Tazameni Uingereza. Kule taasisi inayoitwa NICE, kabla ya kukubali serikali ilipe dawa mpya, inauliza: dawa hii inaongeza miaka mingapi ya maisha, na maisha ya namna gani? Kwa njia hiyo wagonjwa wa pumu kali walikubaliwa kupata sindano ambazo bei yake ni maelfu ya dola kwa mwaka. Hawakupewa kwa huruma. Kuna mtu aliwauliza wanalala vipi, wanafanya kazi vipi, akaandika jibu kwa namba, akaiweka mezani. Asiye na namba hana kiti kwenye meza hiyo.

Vipimo vyenyewe vipo, na si vya jana. Mwaka 1992, Elizabeth Juniper na wenzake wa chuo kikuu cha McMaster, Canada, walitoa orodha ya maswali 32 kwa wagonjwa wa pumu. Maswali yanagusa mambo manne: dalili za ugonjwa, kazi ambazo mtu anashindwa, hofu na huzuni, na mambo ya nje kama vumbi na moshi. Mgonjwa anajibu juu ya juma mbili zilizopita, kutoka 1 hadi 7, na 7 ndiyo afadhali. Waligundua kwamba hesabu ikipanda hata kwa nusu alama, mgonjwa mwenyewe anasikia tofauti. Baadaye Michael Hyland na wenzake wa Plymouth, Uingereza, walitengeneza maswali 16 kwa ajili ya pumu kali peke yake. Walifanya hivyo kwa sababu walisikia wagonjwa wakisema kwamba dawa zenyewe nazo zinawaumiza. Vidonge vya prednisolone vikimezwa muda mrefu vinanenepesha uso, vinadhoofisha mifupa, vinapandisha sukari, vinaharibu usingizi. Kipimo kisichouliza juu ya dawa kinaona nusu ya mateso tu.

Basi, je, tuchukue karatasi hizo, tuzitafsiri, tuzigawe Goma? Hapana, si hivyo tu. Hapa nina ugomvi pia na mashirika yanayopenda karatasi kuliko watu.

Sikilizeni mfano mmoja. Kuna jaribio fupi la maswali matano linalotumiwa katika nchi nyingi kujua kama pumu imetulia. Alama zinaanzia 5 hadi 25, na mwenye 19 au chini yake pumu yake haijatulia. Swali moja linasema: katika juma nne zilizopita umetumia mara ngapi pompi ya kufungua kifua? Anayejibu «hata mara moja» anapata alama 5, alama ya juu kabisa. Sasa mpelekee swali hilo yule mama wa mtaa wetu. Hajatumia pompi hata mara moja. Kwa nini? Kwa sababu hana! Pompi iliisha, na pesa ya farmasi ndiyo pesa ya sombe ya watoto. Kwa swali hilo karatasi itampa alama za mtu mzima, na yeye yuko ukutani anatafuta hewa.

Kipimo kilichotengenezwa kwa mtu mwenye dawa kinadanganya kikipelekwa kwa mtu asiye na dawa. Si kosa la waliokitengeneza, kwa sababu walikitengeneza kwa ajili ya watu wao. Kosa ni letu tukikipokea bila kufikiri.

OMS yenyewe iliona jambo hilo. Mwaka 2010 wataalamu walioitwa na shirika hilo waligawa pumu kali katika mafungu matatu: pumu kali isiyotibiwa, pumu kali iliyo ngumu kutibu, na pumu kali isiyosikia dawa. Kule Ulaya wanapigana na fungu la tatu kwa sindano za bei kubwa. Sisi wengi wetu tuko katika fungu la kwanza. Wagonjwa wengi wa hapa wangetulia kama wangepata kila siku dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe katika kifua, kama beclometasone. Salbutamol peke yake inafungua njia ya hewa kwa saa chache, lakini uvimbe unabaki. Ni kama kufagia maji ndani ya nyumba huku paa linavuja.

Kwa hiyo nawaambia wakubwa wa afya na mashirika: ulizeni, lakini ulizeni maswali ya hapa. Mimi si daktari, na maswali yangu wataalamu wayapime kwanza. Lakini ningeanza hivi. Juma hili usiku mara ngapi pumzi imekuamsha? Unaweza kubeba bidoni ya lita 20 kutoka bombani hadi nyumbani bila kusimama? Siku ngapi umeshindwa kwenda shambani au sokoni, au mtoto ameshindwa kwenda shule? Unapika wapi, na moshi unakufanya nini? Pompi unayo leo, ndiyo au hapana? Unaogopa kulala?

Maswali sita, dakika tano. Muuguzi anaweza kuyauliza kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua kusoma. Jibu liandikwe kwenye karatasi ambayo mgonjwa anabeba mwenyewe. Mwanzoni mwa 2025, makambi ya kandokando ya Goma yalipobaki matupu, watu waliondoka na watoto mgongoni, na majina ya wagonjwa yakabaki nyuma. Mgonjwa asiye na karatasi anaanza upya kila mahali anapofika.

Na neno la mwisho kwa wenye karatasi: msije kuuliza kama hamleti dawa. Watu waliokimbia wamechoka kujibu maswali ya wageni wenye kalamu ambao hawarudi. Kumuuliza mtu kama analala, kisha kumwacha bila pompi, hiyo ni dharau. Swali na dawa vitembee pamoja, na baada ya miezi mitatu ulizeni tena, mwone kama namba imepanda.

Nanyi wenye pumu na wazazi, msingoje wakubwa. Pikeni nje kila mara inapowezekana, na mgonjwa akae mbali na moshi. Mtoto anayeshindwa kuvuta pompi vizuri anaweza kusaidiwa na chupa ya plastiki ya nusu lita: toboa tundu kwenye kitako linalobana mdomo wa pompi, ziba pembeni hewa isitoke, mtoto avutie kwenye mdomo wa chupa. Uchunguzi wa Cape Town uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri inasaidia watoto kama kifaa cha dukani. Mwombeni muuguzi awaonyeshe. Anayemeza prednisolone muda mrefu asiache ghafla bila daktari. Na mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, au midomo ikiwa ya bluu, msingoje asubuhi.

Mukifika kwa muganga msiseme tu «nina pumu». Mwambieni usiku ngapi hamkulala. Mwambieni aandike.